U ya Uhuru: setilaiti iliyopita juu ya Mwanza, na anga tunalolisoma kwenye simu

Hebu tuanze na fumbo dogo. Kwenye kundi la nyota la Sagittarius, ambalo kwa sisi wa kanda ya ziwa hupanda juu sana angani usiku wa miezi ya kiangazi, kuna nyota mbili zilizobanana kiasi kwamba huzungukana kwa dakika 11 na ushee. Daladala ya Igoma inaweza kuchukua muda mrefu kuliko huo kujaza abiria. Wanaastronomia wa dunia nzima, wawe Japani, Chile au India, huziita nyota hizo kwa jina moja: 4U 1820-30.

Namba tutazielewa baadaye, wala si ngumu. Fumbo ni hiyo herufi. U ni ya nini?

Ni U ya Uhuru. Neno lilelile la Mwenge wa Uhuru, la kilele cha Kilimanjaro, la sherehe zetu za 9 Desemba. Halifanani tu na Kiswahili kwa bahati. Ni Kiswahili chenyewe, kiliwekwa pale makusudi, na kila siku kuna mtu mahali fulani anaandika ripoti ya kisayansi yenye herufi hiyo ndani yake, pengine bila kujua inatoka wapi.

Nakusimulia hadithi hii kwa sababu maalumu. Vijana wengi wa huku kwetu wanaojifunza astronomia wanajifunza peke yao, kwa simu na bando la wiki. Wanaangalia picha za darubini kubwa, wanasoma maelezo, wanatazama masomo ya bure. Halafu wanabeba wasiwasi: hii ni astronomia kweli au ni kuangalia picha tu? Si ya kweli ni ile ya mtu mwenye darubini yake, juu ya mlima, nchi za watu? Historia ya Uhuru inajibu swali hilo vizuri kuliko ninavyoweza kulijibu mimi kwa maneno ya kutia moyo.

JUKWAA NDANI YA BAHARI

Tarehe 18 Juni 1962, roketi ndogo ilirushwa kutoka White Sands, New Mexico, Marekani. Kundi lililoandaa vifaa vyake liliongozwa na Riccardo Giacconi, mwanafizikia mzaliwa wa Genoa, Italia. Walikuwa wanatafuta eksirei kutoka mwezini. Ndiyo, eksirei, zilezile za kupigia picha mifupa hospitalini. Wazo lilikuwa kwamba mwanga mkali wa jua ukiupiga mwezi, huenda udongo wa mwezi ukatoa eksirei kidogo.

Roketi ilikaa juu ya angahewa dakika kama sita, ikarudi chini. Mwezi haukuonyesha kitu cha maana. Lakini vifaa vilinasa eksirei kali sana kutoka upande wa kundi la Scorpius, yaani Nge. Hakuna aliyetegemea. Kitu hicho kikaitwa Scorpius X-1, na ndicho chanzo cha kwanza cha eksirei kujulikana nje ya mfumo wetu wa jua.

Sasa fikiria tatizo lao. Umegundua kwamba kuna anga jingine kabisa, anga la eksirei, halafu kila ukitaka kulitazama unapewa dakika chache tu. Miaka iliyofuata zilirushwa roketi nyingine, na maputo pia, na vyanzo vikaongezeka kidogo kidogo. Ilikuwa kama kujaribu kuijua Mwanza kwa kuchungulia dirishani mwa basi linalopita. Kilichohitajika ni chombo kinachokaa huko juu kwa miezi. NASA ikakubali kugharamia setilaiti ndogo iliyopewa jina kavu la kiofisi: SAS-1. Meneja wa mradi alikuwa mhandisi Marjorie Townsend.

Ikabaki swali la wapi pa kuirushia. Hapo ndipo pwani yetu inaingia.

Waitaliano walikuwa na jukwaa linaloitwa San Marco, lililosimama kwa miguu ya chuma ndani ya bahari karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi nchini Kenya. Mpango huo uliongozwa na Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, na setilaiti ya kwanza kurushwa hapo iliondoka tarehe 26 Aprili 1967. Jukwaa liko karibu digrii 3 kusini mwa Ikweta, na hiyo ndiyo ilikuwa thamani yake.

Sababu ya kwanza wengi wanaijua: Ikweta inazunguka kwa kasi ya mita kama 465 kwa sekunde, kwa hiyo roketi inayoelekea mashariki huanza safari na msukumo wa bure. Sababu ya pili ndiyo iliyowagusa hasa hawa watu wa eksirei. Dunia imezungukwa na mikanda ya chembe zenye nishati kubwa zilizonaswa na usumaku wake. Juu ya Atlantiki ya Kusini, kuelekea Brazili, mikanda hiyo inashuka chini sana. Setilaiti ikipita hapo, vihesabio vyake hujaa takataka. Lakini ikizunguka karibu na Ikweta muda wote, kwa urefu mdogo, inaikwepa sehemu kubwa ya balaa hilo.

Mvuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria ataelewa upesi kuliko profesa. Karabai hazina maana usiku wa mbalamwezi, kwa sababu dagaa hawaifuati taa yako wakati maji yote yana mwanga. Unasubiri giza. Giacconi na wenzake nao walikuwa wanatafuta giza, na njia ya Ikweta ndiyo iliyokuwa na giza.

Tarehe 12 Desemba 1970, roketi ya aina ya Scout iliibeba SAS-1 kutoka San Marco. Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru siku hiyo. Townsend akaiita setilaiti Uhuru, kwa heshima ya siku yenyewe na kwa kuwashukuru Wakenya kwa ukarimu wao. Sisi Tanganyika tulikuwa tumetoka kusherehekea uhuru wetu siku tatu tu nyuma.

MARA 14 KWA SIKU JUU YA ZIWA

Sasa chukua ramani. Jukwaa la San Marco liko karibu digrii 3 kusini mwa Ikweta. Mwanza iko digrii 2 na nusu kusini. Tuko karibu kwenye mstari mmoja.

Njia ya Uhuru ilikuwa imeinama digrii 3 tu kutoka Ikweta. Maana yake haikuwahi kwenda kaskazini wala kusini zaidi ya kilometa kama 330 kutoka Ikweta. Mwanza iko kilometa kama 280. Urefu wake kutoka ardhini ulikuwa kilometa zaidi ya 500 kidogo, na mzunguko mmoja ulichukua kama dakika 96. Weka hayo pamoja upate jibu: kila mzunguko, bila kukosa hata mmoja, Uhuru ilikuwa juu ya upeo wetu. Ilitokea magharibi, upande wa Kongo, ikavuka Ziwa Victoria, ikaenda kutokea Malindi dakika kama mbili baadaye.

Mara ngapi kwa siku? Ukigawanya dakika za siku kwa 96 unapata 15. Lakini dunia nayo inazunguka kuelekea upande uleule wa mashariki, hivyo setilaiti inabidi iikimbilie Mwanza kidogo kila mara, na kwa siku nzima inapoteza mzunguko mmoja. Jibu sahihi ni 14. Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973. Piga hesabu mwenyewe: ni zaidi ya mara 10,000 juu ya ziwa letu, mchana na usiku, wakati watu wanavua, wanavuka kwenda Ukerewe, wanauza samaki Kirumba.

SETILAITI ISIYOPIGA PICHA

Hapa nataka utulie kidogo, maana ndipo lilipo jibu la ule wasiwasi wa mwanzo.

Uhuru haikupiga picha hata moja. Haikuwa na lenzi wala kioo. Ilikuwa na makundi mawili ya vihesabio vilivyotazamana kisogo, kila kundi likichungulia anga kupitia vijibomba. Upande mmoja uliona kipande cha anga chenye upana wa nusu digrii kwa urefu wa digrii 5; nusu digrii ni kama upana wa mwezi mpevu. Upande wa pili uliona digrii 5 kwa 5. Setilaiti yote ilijizungusha polepole, duru moja kwa takriban dakika 12, na vihesabio vikahesabu chembe za eksirei zilizoingia. Basi.

Jaribu hivi. Nenda Capri Point usiku wa giza, wavuvi wakiwa wametandaza taa zao ziwani. Chukua kipande cha bomba la plastiki, fumba jicho moja, weka bomba kwenye lingine, kisha geuka polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Huoni ziwa. Unaona giza, halafu mwanga unaongezeka, unafika kilele, unapungua, giza tena. Mwanga ulipokuwa mkali zaidi, bomba lilikuwa limeelekea kwenye mtumbwi wenyewe. Ukiandika uelekeo wa kila kilele na ukali wake, ukarudia usiku hadi usiku, mwisho utakuwa na ramani ya mitumbwi bila kuwahi kuona ziwa zima kwa mara moja.

Ndivyo ramani ya kwanza kamili ya anga la eksirei ilivyopatikana. Takwimu zilishushwa duniani kwa redio setilaiti ilipopita juu ya kituo cha Quito, Ekwado, mji mwingine wa Ikweta, kisha zikapelekwa Marekani. Watafiti walikaa mezani na mistari ya namba inayopanda na kushuka. Hakuna hata mmoja aliyeweka jicho kwenye darubini na "kuona" chochote.

Na kwa namba hizo walifanya nini? Walibadilisha astronomia.

Walikuta chanzo kwenye kundi la Centaurus, Centaurus X-3, kinachopiga mapigo kila sekunde 4.84 kama moyo uliochoka. Mapigo hayo yalikuwa yanawahi kidogo, halafu yanachelewa kidogo, kwa mpangilio wa siku 2.1, na ndani ya mpangilio huo kuna saa ambazo chanzo kinatoweka kabisa. Maelezo yanayoingia akilini ni moja: kitu kinachopiga mapigo kinaizunguka nyota nyingine, kinatukaribia na kutuacha, kisha kinafichwa nyuma yake. Kitu chenyewe ni nyota ya nyutroni, mabaki yaliyoshindiliwa ya nyota kubwa iliyokufa. Inainyonya jirani yake gesi, na gesi ikianguka juu yake inapata joto la kutoa eksirei. Kuanguka huko kunatoa nishati zaidi ya mara kumi ya ile ambayo gesi hiyohiyo ingetoa kwa kuunguzwa ndani ya jua kwa muunganiko wa nyuklia. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa na uhakika vyanzo hivi vinapata wapi nguvu.

Walikuta pia kwamba Cygnus X-1, kwenye kundi la Cygnus, inawakawaka bila mpangilio ndani ya muda ulio chini ya sekunde moja. Somo la kwanza la fizikia linatosha hapa. Mwanga husafiri kilometa 300,000 kwa sekunde, na kitu hakiwezi kubadilika chote kwa pamoja haraka kuliko mwanga unavyoweza kukivuka. Basi kitu hicho ni kidogo kuliko kilometa 300,000, wakati jua lina kipenyo cha kilometa milioni 1.4. Mwaka 1971 na 1972 wanaastronomia wengine, Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza na Tom Bolton huko Kanada, walionyesha kwamba nyota iliyopo mahali hapo, HDE 226868, inazungushwa kila siku 5.6 na mwenzake asiyeonekana, mzito mno kuwa nyota ya nyutroni. Ndivyo Cygnus X-1 ilivyokuwa kitu cha kwanza ambacho wanasayansi walikubali, baada ya mabishano ya miaka, kuwa ni shimo jeusi. Vipimo vilivyotolewa mwaka 2021 vinalipa uzito wa majua kama 21, na umbali wa miaka-nuru kama 7,200.

Orodha ya nne na ya mwisho ya Uhuru, iliyochapishwa 1978, ina vyanzo 339. Hiyo ndiyo 4U: orodha ya nne, Uhuru. Mwaka 2002 Giacconi alipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kazi iliyofungua anga hili.

KWA NINI SIMU YAKO SI NJIA YA MKATO

Eksirei kutoka angani hazifiki ardhini. Hewa iliyo juu ya kila mita ya mraba ya usawa wa bahari ina uzito wa kama tani 10, sawa na kusimama chini ya maji ya kina cha mita 10. Eksirei za hospitali zinapenya mwili kwa sababu mwili ni mwembamba. Hewa yote hii hazipenyi. Uwe na darubini ya mamilioni, uwe Mwanza, Boston au kileleni mwa mlima mrefu, hutaona Cygnus X-1 kwa eksirei.

Kwa hiyo kwenye anga hili hakuna mwenye darubini yake uani. Profesa wa Harvard anafungua kompyuta, anachukua data iliyoshushwa kutoka angani, anaisoma. Wewe unafungua simu, unachukua data hiyohiyo. Tofauti kati yenu ipo, na ni kubwa, lakini haiko kwenye nani aliyeshika bomba la darubini. Iko kwenye nani anajua kusoma kilichopo mbele yake. Na kusoma kunafundishika.

Kuna uhusiano mwingine ambao wengi hawaujui. Kuanzia 1981 hadi 1993, Giacconi huyuhuyu alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ya Marekani inayosimamia kazi za kisayansi za darubini ya anga ya Hubble. Huko alisukuma jambo ambalo wakati huo halikuwa la kawaida: data isafishwe kwa utaratibu mmoja, ihifadhiwe, na baada ya muda maalumu iwe wazi kwa yeyote, hata ambaye hakuomba kutumia darubini. Leo unapopakua picha ya Hubble bila kulipia chochote zaidi ya bando, unatumia mlango ambao mtu wa Uhuru alisaidia kuufungua.

Sehemu kubwa ya utafiti wangu mwenyewe naufanya kwa data zilizokusanywa na watu nisiowajua. Hakuna anayeniambia si utafiti wa kweli. Na wewe usikubali kuambiwa hivyo.

FANYA HIVI

Haya, tutoke kwenye historia tuingie kazini. Unahitaji simu na dakika kama arobaini.

Kwanza, soma jina. Chukua 4U 1820-30. Umeshajua 4U. Namba 1820 ni saa 18 na dakika 20, lakini si saa ya ukutani, wala si saa yetu ya Kiswahili. Anga limegawanywa kuanzia magharibi kwenda mashariki katika vipande 24 vinavyoitwa saa, kama longitudo za dunia. Namba -30 ni digrii 30 kusini mwa Ikweta ya anga. Jina la chanzo ni anwani yake. (Anwani hizi ni za vipimo vya mwaka 1950, kwa hiyo ramani za leo zitatofautiana kidogo, maana mhimili wa dunia unayumba taratibu.)

Pili, jiulize: kinaonekana wapi kutoka Mwanza? Kanuni ni fupi. Chukua umbali wa chanzo kutoka mstari wa digrii 2.5 kusini, toa kwenye 90. Kwa -30 tofauti ni 27.5, kwa hiyo kikiwa juu kabisa kiko digrii 62.5 kutoka upeo, upande wa kusini. Cygnus X-1, ambayo ni 4U 1956+35, ina tofauti ya 37.5, kwa hiyo inafika digrii 52.5, upande wa kaskazini, ziwa liliko. Hapa mkazi wa Mwanza ana utajiri ambao mtu wa London hana: kwa mwaka mzima, karibu anga lote la kaskazini na la kusini linapita mbele yetu.

Tatu, fungua Stellarium, weka mahali pawe Mwanza, tafuta Cygnus X-1. Jioni za Septemba na Oktoba, kama mawingu yakiruhusu, toka nje utazame kaskazini: nyota za Cygnus zina umbo la msalaba. Nyota HDE 226868 ni hafifu kwa macho matupu, ila umejua upande ilipo.

Nne, ingia SkyView, huduma ya bure ya NASA, na uombe eneo hilohilo mara mbili. Mara ya kwanza chagua DSS, ambayo ni picha za mwanga wa kawaida zilizopigwa kwa darubini za ardhini. Mara ya pili chagua RASS, ramani ya eksirei ya setilaiti ROSAT iliyorushwa 1990. Picha ya kawaida ya huduma hiyo ina pikseli 300 kwa 300, haitamaliza bando lako. Weka picha hizo pamoja. Ya kwanza imejaa nyota kama mchanga. Ya pili inatawaliwa na doa moja.

Sasa jiulize maswali ambayo picha nzuri za mtandaoni hutusahaulisha. Doa lina rangi gani, na nani kaichagua? Eksirei haina rangi kwa jicho la binadamu. Rangi ni uamuzi wa aliyetengeneza picha, mara nyingi nyekundu kwa nishati ndogo na bluu kwa nishati kubwa. Doa lina upana, je, chanzo nacho ni kipana hivyo? Hapana, ni ukungu wa kifaa. Nyota zote zile za DSS zimekwenda wapi? Hazijaenda popote, nyingi hazitoi eksirei za kutosha. Ukishaanza kuuliza hivyo umevuka kutoka kuangalia kwenda kusoma.

JINA PEKE YAKE HALIFUNDISHI

Nisikudanganye kwamba jina la Kiswahili lilileta sayansi kwetu. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano, setilaiti ya Wamarekani, data ilikwenda Massachusetts. Mwaka huohuo wa 1970, mwezi Julai, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa na Dar es Salaam ikapata chuo kikuu chake. Tulikuwa tunajenga nyumba kuanzia msingi wakati Uhuru inapita juu ya paa.

Lakini miaka zaidi ya hamsini imepita na kisingizio hicho kimezeeka. Mtaala wa fizikia wa kidato cha nne uliotumika kwa miaka mingi nchini ulikuwa na mada ya eksirei na mada ya astronomia ya msingi. Zilikaa kwenye kitabu kimoja bila kusalimiana. Mwanafunzi alijifunza eksirei kama mashine ya hospitali, akajifunza sayari kama orodha ya kukariri, akafanya mtihani, akaondoka. Somo moja la dakika 40 kuhusu Uhuru lingeziunganisha mada hizo mbili, na mwalimu asingehitaji maabara. Angehitaji projekta au hata picha mbili zilizochapwa, na swali: kwa nini hazifanani?

Kama wewe ni mwalimu, lijaribu somo hilo. Kama una mdogo wako anayependa nyota na anaambiwa anapoteza bando, kaa naye siku moja mfanye zile hatua nne. Nawaachia na kazi ya nyumbani. Centaurus X-3, ile ya mapigo ya sekunde 4.84, jina lake jingine ni 4U 1118-60. Tafuteni upande wake na urefu wake wa juu kabisa kutoka Mwanza, bila kutumia programu yoyote. Mkipata digrii 32.5 upande wa kusini, mmeshaanza kuisoma orodha ya Uhuru. Zimebaki 336.